Barua pepe yako, usalama wa aliyebaki nyumbani

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia barua pepe: namna ya kuitumia kupata na kutuma habari pale serikali inapoziba njia nyingine, bila kumtia matatani ndugu uliyemwacha nyumbani.

Wengi wenu mnakumbuka ilivyokuwa Burundi. Mwishoni mwa Aprili 2015, Facebook na WhatsApp zilizimwa kwenye simu. Katikati ya Mei, baada ya jaribio la mapinduzi, vituo vya RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance vilishambuliwa, vikanyamaza. Oktoba 2017 tovuti ya gazeti la Iwacu ikafungiwa ndani ya nchi, na Mei 2018 matangazo ya BBC na Sauti ya Amerika yakasimamishwa. Baadaye baadhi ya milango hiyo ilifunguliwa tena. Lakini tulichojifunza ni kwamba mlango wa habari unaweza kufungwa kwa siku moja.

Kwa nini basi barua pepe? Tovuti ikifungiwa, kampuni ya simu imeagizwa kuzuia anwani ile moja. Barua pepe haipiti mlango huo. Habari inatumwa kutoka nje, inakusubiri kwenye kikasha chako, na kikasha hicho, kwa mfano cha Gmail, kiko kwenye mitambo ya nchi nyingine. Kampuni ya simu inaweza kuona kwamba umeingia Gmail. Haioni umesoma nini. Ili kuzuia barua moja isikufikie humo, itabidi izuie huduma nzima, na kila anayeitumia ataathirika. Tena barua yenye maandishi matupu hufunguka hata mtandao ukiwa dhaifu, na hutumia bando kidogo tu.

Lakini usidanganyike. Barua inaweza kusafiri salama, halafu ikamponza mtu pale inapofikia. Simu ikishikwa kwenye kizuizi cha barabarani na mwenyewe akaamriwa kuifungua, kila kitu kiko wazi.

Chukueni mfano huu. Tarehe 22 Oktoba 2019, waandishi wanne wa Iwacu walikamatwa mkoani Bubanza walipokwenda kufuatilia habari za mapigano. Januari 2020 walihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu. Katika ushahidi uliotumiwa dhidi yao ulikuwamo ujumbe wa WhatsApp uliotumwa na mmoja wao, ambao upande wao ulieleza kuwa ulikuwa mzaha. Walitoka kwa msamaha wa rais Desemba 2020. Ujumbe ule ulikuwa wa WhatsApp, lakini somo ni lile lile kwa barua pepe: maneno mepesi kwako yanaweza kuwa mazito mbele ya hakimu.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kwa hiyo, msikilizaji, kanuni ya kwanza inazidi zote: anayebeba hatari ndiye anayeamua. Wewe uko kambini, yeye yuko kwenye mtaa ambao kila mtu anamjua. Usimtumie shangazi yako habari za siasa kwa sababu tu wewe umezipata. Muulize kwanza kama anataka kupokea. Akisema hapana, heshimu. Akinyamaza, chukua kimya chake kuwa ni hapana.

Pili, angalia kichwa cha barua. Zipo huduma zinazofunga maandishi kwa ufunguo, kama Proton Mail. Hata hizo hazifichi kila kitu: anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji na kichwa cha barua havilindwi sawasawa na maandishi ya ndani. Kichwa kiwe cha kawaida, kama vile “Salamu za nyumbani”. Majina ya watu na ya vijiji yasiwemo.

Tatu, ukiwaandikia watu wengi, weka anwani zao zote kwenye sehemu iliyoandikwa Bcc. Ukiziweka kwenye To au Cc, kila mmoja anaona anwani za wenzake. Simu ya mmoja ikishikwa, wote wamejulikana.

Nne, usisukume mbele barua kama ilivyokuja. Chini yake mara nyingi hubaki majina na anwani za waliotangulia kuituma. Nakili habari yenyewe, uibandike kwenye barua mpya.

Tano, kufuta ni hatua mbili. Kwenye Gmail, barua uliyoifuta hukaa kwenye pipa la taka siku 30. Ingia humo uifute tena. Na ukumbuke: umefuta ya kwako tu, nakala ya mwenzako bado ipo.

Sita, ukitumia kompyuta ya watu wengi au simu ya kuazima, ikiuliza kama ihifadhi neno lako la siri, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Kufunga ukurasa tu hakutoshi. Neno la siri liwe refu, na usilitumie mahali pengine.

Saba, jihadhari na habari za kughushi. Jina la mtumaji linaweza kuandikwa lolote, kwa hiyo soma anwani yake yote. Barua ikikutaka neno la siri, au ikikuharakisha ufungue kiambatisho usichokitarajia, ni mtego. Na habari kubwa, kama ya kurudishwa nyumbani au kufungwa kwa kambi, itafute kwa chombo kingine cha pili kabla hujaipeleka kwa jirani. Kuna familia zimefunga mizigo kwa uvumi.

Kama wewe ndiye unayewasomea wenzako karatasi hii, rudieni pamoja kanuni ya kwanza: uliza kabla ya kutuma. Barua inayochelewa siku mbili kwa sababu unasubiri jibu la shangazi haijapotea. Shangazi akichukuliwa, hakuna habari itakayomrudisha.



(Muziki wa kufunga kipindi.)