Lubumbashi: Mchezaji akianguka uwanjani, nani anajua la kufanya?

Kwenye uwanja wa TP Mazembe, katika komine ya Kamalondo, mchezaji akiumia munganga wa timu anaingia na mfuko wake, na machela iko karibu. Kanuni za leseni za CAF zinadai klabu inayocheza mashindano ya Afrika iwe na munganga wake. Lakini toka hapo uende Katuba, Kenya ao Ruashi siku ya Jumapili mangaribi, kwenye viwanja vya vumbi ambako vijana wanaota kuvaa jezi ya Mazembe ao ya Lupopo. Hapo “munganga” wa timu mara nyingi ni mtu mwenye ndoo ya maji baridi, bandeji na pomada ya kuchua. Ana moyo wa kusaidia. Kinachokosa ni mtu wa kumfundisha.

Si kwamba mji hauna shule. Kitivo cha utabibu cha UNILU kinatoa wanganga, ISTM inatoa wauguzi. Wanajua malaria, uzazi, upasuaji. Uwanja unaomba ujuzi mwingine juu ya hapo, na sehemu kubwa ya ujuzi huo haiombi mashine za bei kali.

Tuanze na moyo, sababu hapo kila dakika inahesabiwa. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu, katika dakika ya 72 ya mchezo na Kolombia. Alikuwa na miaka 28. Alikufa siku hiyo, na uchunguzi ulionyesha ugonjwa wa moyo ambao haukujulikana. Miaka 18 kisha, tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka vilevile mjini Copenhagen. Wanganga walimsukuma kifua mara moja, wakatumia mashine ya kushtua moyo, naye akapona. Mwaka uliofuata alicheza tena Kombe la Dunia.

Kwetu hatari ya kwanza ni kutotambua. Moyo ukisimama ghafla, mwili unaweza kutetemeka na mtu akaonekana kama anavuta pumzi. Watu wanasema ni kifafa, wengine wanasema amelogwa na timu ya upande mwingine; mmoja anatafuta kijiko cha kumwekea mdomoni, mwingine anamwaga maji. Na dakika zinapita. Kila dakika bila kushtua moyo inapunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Mchezaji aliyeanguka bila kuguswa, haitiki na hapumui sawasawa, ahesabiwe kuwa moyo umesimama: mikono miwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine anaita msaada. Hilo linaweza kufundishwa kwa mangaribi moja, kwa kocha, kwa mwamuzi, hata kwa yule wa ndoo.

Kuna pia jambo ambalo vitabu vya Ulaya vinalipitia haraka: damu. Katika nchi yetu watu wengi wanabeba AS bila kujua. Mwenye AS si mgonjwa kama wa SS, na hakuna sababu ya kumkataza mpira. Lakini akikimbizwa sana kwenye jua la Septemba na Oktoba bila maji, miguu inaweza kumlegea, akaanguka huku bado anasema. Kocha anafikiri ni uvivu na anamwambia aamke. Munganga aliyefundishwa anamsimamisha, anampoza, anamtuma hospitali.

Kuzuia majeraha nako kunafundishwa. Mazoezi ya FIFA 11+ yanachukua dakika 20 tu kabla ya mchezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya vijana wa Lagos, Nigeria, ulionyesha kwamba timu zilizoyafanya zilipunguza majeraha kwa asilimia 41. Viwanja vya Lagos havipiti vyetu kwa uzuri.

Lakini kwa maoni yetu somo gumu zaidi ni la kusema hapana. Mchezaji amegongwa kichwa, anauliza matokeo ni ngapi. Kocha anamtaka arudi, mashabiki wanapiga kelele. Tangu 2024 sheria za mpira zinaruhusu mashindano kuongeza nafasi ya kubadilisha mchezaji aliyetikiswa ubongo, bila kupoteza nafasi za kawaida. Hiyo inamsaidia munganga akiwa na sauti. Anayelipwa na rais wa klabu, na anayejua kwamba anaweza kufukuzwa kesho yake, anahitaji mafunzo na ulinzi pia.

Na kuna dexa, inayouzwa katika maduka ya dawa kama peremende. Tangu Januari 2022, sindano yoyote ya dawa za aina hiyo siku ya mashindano imekatazwa na shirika la kupambana na dawa za kuongeza nguvu. Muuguzi asiyejua orodha hiyo anaweza kumtibu goti kijana na kumfungia michezo kwa siku hiyohiyo.

Tangu 2016 FIFA inatoa kwenye intaneti masomo ya utabibu wa mpira, bure. Megabaiti, hizo unajilipia mwenyewe.