Siku ya zege utakuwa wapi?

Mtu wa Ibra anayefanya kazi Maskati hufika kwenye kiwanja chake Alhamisi usiku. Ijumaa husali, huzunguka ujenzi, huzungumza na mafundi. Jumamosi jioni yuko njiani tena. Tangu 2013 mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Sasa gari la zege likija Jumatatu alfajiri, nani atalipokea?

Hilo ndilo swali ninalomrudishia kila anayeniuliza kama amkabidhi mkandarasi nyumba nzima, au anunue vifaa mwenyewe na kuita mafundi mmoja mmoja. Wengi huanza na bei, na ni kweli kwamba mkandarasi huweka faida yake juu ya kila mfuko na kila nondo. Lakini ndani ya faida hiyo mna siku tano za wiki ambazo mwenye nyumba hayupo, na katika siku hizo tano ndipo nyumba hupona au huharibika.

Joto la Nizwa wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40. Zege huanza kukaza kabla halijasambazwa, na kibarua aliyechoka huliongezea maji ili liteleze. Maji hayo ya ziada yakikauka huacha matundu madogo madogo, na nguvu ya zege hushuka. Kisha lazima limwagiliwe siku saba kwa uchache, likiwa limefunikwa magunia mabichi. Chini ya nondo nako panatakiwa biskuti, vile vipande vya zege vinavyoziinua ili zifunikwe pande zote. Zikisahaulika, nondo hulala juu ya mbao na kubaki karibu na uso wa zege. Kule Sur, penye upepo wa chumvi, nondo hizo huota kutu, huvimba na kuipasua dari. Mwenye nyumba akifika Ijumaa haoni lolote. Ataliona miaka kumi baadaye, dari ikianza kumenyuka juu ya kitanda cha watoto.

Na hiyo miaka kumi ina uzito mwingine. Kwa Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Oman ya 2013, mkandarasi na mhandisi huwajibika kwa miaka 10 jengo likianguka, lote au sehemu yake, au likitokeza kasoro inayohatarisha usalama wake. Aliyejisimamia na kuita vibarua hana wa kumdai. Tena fundi anayengoja kazi kando ya barabara huenda kibali chake kiko kwa mwajiri mwingine. Kumwajiri hivyo ni kosa, na kosa hilo ni lako pia. Kuanzia Juni hadi Agosti, kazi za nje haziruhusiwi kati ya saa 6:30 na 9:30 mchana, na anayejisimamia anapaswa kulihesabu hilo katika ratiba yake.

Kwa hiyo shauri langu kwa nyumba mpya ni hili: msingi, nguzo, mihimili na slabu mpe mkandarasi, na mlipe kwa hatua baada ya mhandisi wako kukagua. Mhandisi huyo asiwe mtu wa mkandarasi. Mkataba utaje aina ya saruji ya msingi, vipimo vya nondo, na nani atamwagilia zege. Rangi, vigae na milango simamia mwenyewe ukipenda, maana vikiharibika vinaonekana na vinarekebishika. Siku ya slabu omba ruhusa kazini.

Nyumba ya udongo ya ukoo ina habari nyingine kabisa. Jamaa wengi waliorudi kutoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964 wana nyumba za namna hiyo huku Sharqiyah, nyingine zikiwa na dari za boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka pwani yetu. Hapo mkandarasi wa kawaida ni hatari, kwa kuwa atakuja na mifuko ya saruji ya kiwandani. Lipu yake hufungia unyevu ndani, na udongo huoza nyuma yake. Hata Ngome ya Bahla, nayo ya udongo, ilipatwa na hayo: iliingizwa katika Urithi wa Dunia 1987, na mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ukarabati wa vifaa visivyo vya asili ulikuwa sehemu ya lawama, na haikutoka humo hadi 2004.

Neno letu saruji asili yake ni saruj, na saruj ya Oman ni udongo uliochomwa kwa magogo ya mitende, ukapondwa na kuchanganywa na chokaa. Ndiyo iliyoshika mifereji ya falaji karne kwa karne. Wazee wanaoijua bado wapo. Mtafute mmoja wao, mlipe kwa siku, mpe vijana wa ukoo wamsaidie na wajifunze, na nyumba hiyo isimamie mwenyewe.