Kufuga Uduvi wa Maji Baridi

Watoto wanaokaa kando ya Ziwa Viktoria wamezoea kuwaona wavuvi wakianika dagaa juani. Ukiinama na kuwatazama vizuri dagaa hao, mara nyingi utaona kuwa wamechanganyika na wanyama wengine wadogo zaidi, waliopindana kama mundu na wenye ndevu ndefu. Hao si dagaa, wala si samaki. Ni uduvi. Watu wa pwani wanawajua uduvi wa baharini, ambao hukaushwa na kupikwa kuwa kitoweo. Hawa wa ziwani ni ndugu zao waishio katika maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi.

Wataalamu humwita uduvi wa Ziwa Viktoria kwa jina la Caridina nilotica. Jina la pili latokana na mto Nile, ambao hutoka katika ziwa hilo. Uduvi aliyekomaa ana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na mwili wake hupenya mwanga hata waweza kukiona chakula kilicho tumboni mwake.

Katika sura hii tutajifunza jinsi ya kuwafuga uduvi katika tangi la kioo, nyumbani au darasani. Yako mambo mengi ambayo huwezi kuyaona kwa kuwatazama uduvi waliokufa juu ya mkeka.

Uduvi ni mnyama wa namna gani?

Uduvi hana mifupa ndani ya mwili. Badala yake amefunikwa kwa gamba gumu lililo nje. Uduvi, kamba na kaa wote wamo katika kundi moja la wanyama liitwalo krasteshia. Kundi hili lina udugu na wadudu. Likumbuke jambo hilo, maana tutalihitaji baadaye.

Kichwa na kifua cha uduvi vimeungana chini ya gamba moja. Tumbo lina pingili sita, na mwishoni pana mkia wenye umbo la upepeo. Macho mawili yamesimama juu ya vikonyo, na mbele yake zimo jozi mbili za vipapasio, ndizo zile ndevu tulizozitaja. Miguu ya kutembelea ni 10. Jozi mbili za kwanza ni fupi, na kila mguu una koleo ndogo yenye nywele nyingi mfano wa brashi. Kwa brashi hizo uduvi hukwangua mwani na kufagia chembechembe za majani yaliyooza, akizitia mdomoni bila kupumzika. Ukimtazama utadhani ni mtu mwenye njaa anayekula kwa mikono miwili.

Chini ya tumbo viko viungo vingine, jozi tano, ambavyo hupiga maji kama makasia. Uduvi akishtuka huukunja mkia wake ghafla na kuruka kinyumenyume. Hupumua oksijeni iliyoyeyuka katika maji kwa mashavu yaliyofichwa chini ya gamba la kifua.

Kutayarisha tangi

Tangi la lita 10 lafaa sana. Kama hakuna tangi, tumia chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, inayoingia lita tatu au zaidi. Hiyo itatosha uduvi watano au sita. Usitumie chombo kilichowahi kutiwa mafuta ya taa, sabuni au dawa ya kuua wadudu, hata kama kimeoshwa. Chombo cha shaba pia hakifai kabisa, kwa sababu shaba kidogo tu iliyoyeyuka katika maji huwaua uduvi.

Osha mchanga mpaka maji yake yawe safi, kisha utandaze chini ya tangi, unene wa sentimita mbili. Tia maji na mimea ya majini. Maji ya bomba mara nyingi yametiwa klorini ili kuua vijidudu. Klorini hiyo haimdhuru mtu, lakini humdhuru uduvi. Kwa hiyo yaache maji katika ndoo iliyo wazi kwa siku mbili, nayo klorini itatoka hewani. Maji ya kisima yasiyo na chumvi ni mazuri pia. Maji ya mvua peke yake si mazuri sana, maana hayana chokaa, na bila chokaa uduvi hawezi kujenga gamba lililo imara.

Sasa ngoja. Wanafunzi wengi hushindwa hapa, kwa kuwa hutaka kuwatia uduvi siku ile ile. Kinyesi cha uduvi hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waishio mchangani na juu ya majani huweza kuigeuza amonia hiyo isidhuru, lakini huhitaji muda wa kuongezeka. Liache tangi na mimea yake kwa muda wa majuma matatu au zaidi. Ukiona kioo kimeanza kupata utando wa kijani wa mwani, usiufute wote. Hicho ni chakula.

Weka tangi mahali penye mwanga, lakini jua lisilipige moja kwa moja. Maji yenye joto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye digrii 20 za Sentigredi huweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika digrii 30, hushika miligramu 7 na nusu tu. Chupa iliyoachwa dirishani adhuhuri hupata joto upesi, na uduvi waliomo hukosa pumzi ijapokuwa wamo ndani ya maji.

Kuwapata uduvi

Sehemu hii isome polepole, na usifanye lolote kabla ya kuongea na mwalimu wako.

Uduvi hupenda kukaa penye magugu kando ya ziwa. Mahali hapo hapo hukaa konokono waenezao kichocho. Vimelea vya kichocho hutoka katika mwili wa konokono na kuogelea majini, navyo ni vidogo hata huwezi kuvitambua kwa macho. Vikimkuta mtu hupenya ngozi yake, mara nyingi bila yeye kuhisi, na kuingia katika damu. Kichocho cha Ziwa Viktoria hasa ni kile kinachoshambulia utumbo na ini. Mtoto aweza kukipata kwa kusimama majini dakika chache tu. Tena, mahali pengine kuna mamba.

Kwa sababu hiyo, usiingie ziwani kutafuta uduvi. Mwombe mvuvi akupatie uduvi hai kutoka katika nyavu zake za dagaa, au mtu mzima achote kwa chandarua chenye mpini mrefu akiwa juu ya gati au ndani ya mtumbwi. Wabebe katika ndoo yenye maji ya ziwa, wala usitie mkono katika maji hayo. Vimelea vilivyokwisha kutoka kwa konokono visipompata mtu katika muda wa siku mbili hufa. Basi iache ndoo siku mbili mahali ambapo watoto wadogo hawafiki, halafu uwahamishe uduvi kwa kichujio. Wakati wote huo angalia kama kuna konokono, maana konokono akiwamo, vimelea vipya vyaweza kutoka kila siku, na kule kungoja hakutakuwa na faida. Konokono wote waondolewe kwa koleo. Mimea iliyotoka ziwani nayo iangaliwe vivyo hivyo, jani kwa jani. Uduvi mwenyewe haenezi kichocho.

Kulisha

Uduvi wanaofugwa hufa kwa shibe kuliko kwa njaa, au tuseme hufa kwa kile kinachobaki baada ya shibe. Chakula kisicholiwa huoza, na bakteria wanaokiozesha hutumia oksijeni iliyomo majini. Uduvi sita wanatosheka na mwani wa tangini pamoja na kipande cha jani la mchicha lililochemshwa, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mara mbili kwa juma. Kilichobaki kesho yake kitolewe. Kila juma toa robo ya maji, utie mengine yaliyokaa siku mbili.

Gamba tupu na mayai

Siku moja utakuta uduvi amelala chini, mweupe na asiyetikisika, na utahuzunika. Kabla ya kumtupa, wahesabu waliobaki. Kama ni sita, kama walivyokuwa jana, basi yule si maiti. Ni gamba tupu. Gamba halikui, kwa hiyo uduvi anayekua hulipasua gamba lake la zamani kwa nyuma, akatoka na macho yake, vipapasio vyake na miguu yake yote, akiwa na ngozi mpya iliyo laini. Hujificha mpaka gamba jipya liwe gumu, kwa sababu wakati huo hana kinga yoyote. Liache lile gamba tangini. Mara nyingi uduvi hulila na kupata tena chokaa iliyomo.

Jike akiwa na mayai huyabeba chini ya tumbo, yameshikamana na makasia yake. Huyapigapiga makasia hayo daima ili mayai yapate maji mapya yenye oksijeni. Andika tarehe uliyoyaona mayai kwanza, kisha hesabu siku mpaka yaanguliwe. Siku huwa chache maji yakiwa na joto, na huwa nyingi yakiwa ya baridi. Watoto ni wadogo sana, na mwanzoni huelea majini wala hawatembei chini kama mama yao.

Wakifa wote kwa pamoja

Tuseme umewaacha uduvi wazima jioni, na asubuhi umewakuta wote wamekufa. Maji ni safi, hayanuki, na chakula hakikuzidi. Uliza nyumbani: je, jana usiku kuna aliyepuliza dawa ya mbu chumbani? Kumbuka tulisema krasteshia wana udugu na wadudu. Dawa imwuayo mbu humwua na uduvi, tena kwa kiasi kidogo mno. Usiku wa kupuliza dawa, tangi litolewe chumbani. Mkono wenye sabuni nao usiingie majini.

Uduvi katika ziwa

Sangara waliletwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Waliwala furu, samaki wadogo waliokuwa wengi mno. Katika miaka ya 1980 furu walipopungua sana, uduvi wakaongezeka, na sangara wachanga wakawategemea hao kwa chakula. Kwa hiyo mnyama huyu wa sentimita mbili na nusu husaidia kumlisha sangara auzwaye sokoni.

Katika mto Senegal, Afrika ya Magharibi, wako kamba wakubwa wa mtoni ambao hula konokono. Kamba hao huhitaji kushuka karibu na bahari ili wazae. Bwawa la Diama lilipomalizika mwaka 1986, njia yao ilizibwa, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya konokono na kichocho kuongezeka huko. Mwaka 2015 wataalamu walitoa taarifa kuwa waliwarudisha kamba mahali pa kutekea maji katika kijiji kimoja, na konokono wenye vimelea wakapungua.

Kazi ya kufanya

1. Chora uduvi akiwa hai, uonyeshe vipapasio, miguu ya kutembelea, makasia na mkia.
2. Kwa nini maji ya ziwa huachwa siku mbili kabla ya kuguswa? Kwa nini kufanya hivyo hakufai kama konokono amebaki ndani ya ndoo?
3. Mwanafunzi mmoja alitia tangini majani mengi ya mchicha siku ya Ijumaa ili uduvi wasione njaa mpaka Jumatatu. Eleza alichokikuta Jumatatu, na sababu yake.