Kaburi Lililobaki Ng'ambo ya Ruvuma

Huku Litembo, Mbinga, ukiuliza ntambo fulani ni ya nani, hata mtoto atakujibu. Ntambo ni mgongo wa mlima ulioshikwa na ukoo: nyumba na kahawa, halafu mashimo ya ngoro yakishuka mteremkoni kama sega la nyuki. Hapa mtu hapotei kirahisi.

Kutoka huku hadi Niassa, Msumbiji, si mbali. Miaka ya 1960 waliokimbia vita ya ukombozi kati ya FRELIMO na Wareno walivuka kuja kwetu, wengine wakapewa makazi Lundo, mwambao wa Ziwa Nyasa. Tumezoea kuisimulia vita ile kwa pande mbili tu, wetu na wao. Familia ya Simango inaivuruga hesabu hiyo.

Mchungaji Uria Simango alikuwa makamu wa rais wa FRELIMO. Mwanawe Daviz alizaliwa Tanzania mwaka 1964, mwaka ule ule bunduki zilipoanza kulia. Februari 1969 bomu lililofichwa kitabuni likamuua rais wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, Dar es Salaam. Novemba Simango akaandika waraka mkali dhidi ya wenzake, wakamfukuza. Mwaka 1974 alirudi Msumbiji kujaribu siasa nyingine, akakamatwa. Mwaka 1975 alisimamishwa kambi ya FRELIMO ya Nachingwea, Tanzania, mbele ya umati, asome kwa sauti yake "makosa" yake, karatasi baada ya karatasi. Mtu aliyezoea kuwasomea waumini! Waliokuwa wakimsikiliza ni watu aliokula nao. Alipelekwa kambi ya M'telela, Niassa, akauawa huko. Mkewe Celina naye aliuawa.

Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe Msumbiji, 1977 hadi 1992, FRELIMO ikiwa serikalini na RENAMO ikiwa waasi. Huku kwetu jina RENAMO lilikuwa kama tusi. Askari wa Tanzania walivuka kwenda kupigana nao. Mwaka 1997 Daviz, sasa mhandisi, akajiunga na RENAMO hiyo hiyo. Msaliti? Sina ulimi wa kumwita hivyo. Alirudi upande gani, wakati upande wa baba ndio uliomuua baba?

Mwaka 2003 akawa meya wa Beira. Mwaka 2008 RENAMO ikamtosa. Akasimama peke yake, akashinda. Mwaka uliofuata akaanzisha chama chake, MDM, kaka yake Lutero akiwa naye. Daviz alifariki Februari 2021, Lutero akakishika chama. Daviz alikwenda bila kuonyeshwa alipolala baba yake.