Braunwald na Saa za Kuuokoa Moyo

Misuli ya moyo inapokatiwa damu haifi yote kwa mara moja. Hufa kidogo kidogo, kuanzia tabaka la ndani kuelekea la nje, kwa muda wa saa kadhaa, na katika saa hizo bado ipo sehemu inayoweza kuokolewa. Kauli hiyo fupi ndiyo msingi wa tiba nyingi anazopewa leo mgonjwa wa mshtuko wa moyo, zikiwamo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda na mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani ili kuuzibua mshipa ulioziba. Miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kuithibitisha ni Eugene Braunwald, daktari bingwa wa magonjwa ya moyo wa Marekani, ambaye utafiti wake ulianza miaka ya 1950 ukaendelea hadi karne hii, na ambao uliunganisha mshtuko wa moyo na kushindwa kwa moyo kuwa hatua mbili za ugonjwa mmoja unaosonga.

Moyo, ingawa umejaa damu wakati wote, haulishwi kwa damu inayopita katika vyumba vyake, bali hutegemea mishipa inayoitwa ateri za korona, ambayo huchipuka mwanzoni mwa aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, na kuuzunguka moyo kwa nje. Kwa miaka mingi lehemu, yaani mafuta yaliyomo katika damu, hujikusanya ndani ya kuta za ateri hizo. Ukuta ulioathirika ukipasuka, damu huganda juu yake, na bonge la damu likiziba njia, misuli iliyotegemea ateri hiyo hukosa oksijeni. Huo ndio mshtuko wa moyo. Kushindwa kwa moyo ni hali nyingine, ingawa mara nyingi hufuata ile ya kwanza: moyo unaendelea kupiga, lakini hauwezi kusukuma damu inayotosheleza mahitaji ya mwili, hivyo maji hujaa mapafuni na miguuni, na mgonjwa huishiwa pumzi kwa kazi ndogo au hata anapolala chali.

Braunwald alipohitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1952, hospitali hazikuwa na mengi ya kumpa mgonjwa wa mshtuko wa moyo zaidi ya kitanda, oksijeni na dawa ya maumivu. Mgonjwa alilazwa kwa wiki kadhaa akikatazwa kujishughulisha, na takribani watu 3 kati ya kila 10 waliolazwa walifia hospitalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilianzishwa wodi maalumu za wagonjwa wa moyo, ambamo mapigo yalifuatiliwa kwa mashine usiku na mchana, na moyo uliovurugika mapigo ukarudishwa katika hali yake kwa umeme. Vifo hivyo vikapungua kwa takribani nusu. Wengi walioendelea kufa walikufa kwa sababu sehemu kubwa mno ya misuli yao ilikuwa imeharibika, na kwa tatizo hilo wodi hizo hazikuwa na jawabu.

Njia ya kulitafuta jawabu hilo ilianzia maabara. Braunwald, aliyezaliwa Vienna mwaka 1929 katika familia ya Kiyahudi iliyokimbia Austria baada ya Wanazi kuitwaa nchi hiyo mwaka 1938, alijiunga mwaka 1955 na Taasisi ya Taifa ya Moyo iliyoko Bethesda, karibu na Washington, akafanya kazi na mwanafiziolojia Stanley Sarnoff. Katika makala ya mwaka 1958, Sarnoff, Braunwald na wenzao walionyesha kwamba oksijeni inayotumiwa na moyo hutegemea zaidi mkazo ambao misuli inalazimika kuujenga ili kuisukuma damu, na muda ambao mkazo huo unadumu, kuliko wingi wa damu inayosukumwa. Maana yake kwa tiba ilikuwa kubwa: moyo unaopiga haraka dhidi ya shinikizo kubwa la damu unahitaji oksijeni nyingi, na ukipunguziwa kazi hiyo, unaweza kuumudu vizuri zaidi upungufu wa damu.

Katika taasisi hiyohiyo alifanya kazi mkewe, Nina Starr Braunwald, daktari mpasuaji wa moyo, ambaye mwaka 1960 alimwekea mgonjwa vali bandia ya mitra, yaani mlango kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, iliyotengenezwa kwa usanifu wake mwenyewe. Braunwald naye, pamoja na wenzake, alipima kemikali za damu kwa watu wenye moyo ulioshindwa, na mwaka 1962 wakaeleza kwamba wagonjwa hao wanapofanya mazoezi, noradrenalini, yaani kemikali ambayo mwili huitumia kuuharakisha moyo na kuibana mishipa, hupanda katika damu yao kuliko kwa watu wazima wa afya. Ugunduzi huo ulisaidia kubadili namna ugonjwa ulivyotazamwa, kwa kuwa moyo dhaifu ulianza kuonekana kama kiungo kinacholazimishwa kufanya kazi na mwili mzima, na miongo kadhaa baadaye dawa zinazozuia kemikali za aina hiyo zikawa nguzo ya matibabu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza kama ukubwa wa jeraha la moyo unaweza kubadilishwa baada ya mshipa kuziba. Mwaka 1971, alipokuwa akiongoza idara ya tiba katika Chuo Kikuu cha California huko San Diego, Braunwald pamoja na Peter Maroko na wenzao walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa mbwa, ambao ateri zao za korona zilizibwa na eneo lililoumia likapimwa kwa mabadiliko ya umeme juu ya moyo. Walipotumia isoproterenoli, dawa inayouongezea moyo kazi, eneo lililoumia lilipanuka. Walipotumia propranololi, dawa inayoutuliza, lilipungua. Madaktari waliozoea kuamini kwamba uharibifu ukishatokea umetokea, sasa walikuwa na sababu ya kufikiri upya, maana kilichotokea baada ya mshipa kuziba kilitegemea pia kile ambacho tabibu alifanya au aliacha kufanya.

Njia ya moja kwa moja zaidi ya kuokoa misuli hiyo ni kuirudishia damu, lakini kwa miaka mingi madaktari walibishana kama damu iliyoganda ndiyo chanzo cha mshtuko wa moyo au ni matokeo yake. Mwaka 1980 Marcus DeWood na wenzake huko Spokane, Marekani, walipiga picha za ateri za korona za wagonjwa waliopimwa ndani ya saa 4 tangu dalili zianze, wakakuta ateri imeziba kabisa kwa asilimia 87 yao. Braunwald, ambaye tangu mwaka 1972 alikuwa Chuo Kikuu cha Harvard huko Boston, alianzisha mwaka 1984 kundi la utafiti linaloitwa TIMI, jina lililotokana na herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yanayohusu kuyeyusha bonge la damu katika mshtuko wa moyo.

Jaribio la kwanza la kundi hilo lililinganisha dawa mbili: streptokinasi, inayotokana na bakteria, na t-PA, protini ya asili ya mwili iliyozalishwa kwa teknolojia ya jeni. Matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 1985, yakionyesha kwamba dakika 90 baada ya matibabu kuanza, t-PA ilikuwa imezibua ateri kwa karibu mara mbili ya idadi ya wagonjwa walionufaika na streptokinasi. Jaribio hilo pia lilizaa kipimo cha mtiririko wa damu chenye ngazi 0 hadi 3, ambapo 0 ni ateri iliyoziba kabisa na 3 ni damu inayopita kama kawaida, kipimo ambacho hadi leo madaktari wanaozibua mishipa hukitumia duniani kote. Uthibitisho kwamba kuzibua ateri hupunguza vifo ulipatikana katika majaribio makubwa ya makundi mengine, kama GISSI la Italia la mwaka 1986, na ISIS-2 la mwaka 1988, ambalo lilionyesha kwamba hata aspirini peke yake hupunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano.

Lakini anayenusurika hubaki na kovu moyoni, na kovu hilo lisipodhibitiwa, chumba kikuu cha kushoto hutanuka kadiri miezi inavyopita hadi moyo ushindwe. Marc Pfeffer na Janice Pfeffer, waliofanya kazi na Braunwald, waligundua kwa panya kwamba kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu inayolegeza mishipa, hupunguza kutanuka huko. Jaribio la SAVE, lililochapishwa mwaka 1992, likaipima kwa wagonjwa 2,231 walionusurika mshtuko wa moyo wakiwa na moyo unaosukuma nje asilimia 40 au pungufu ya damu iliyo katika chumba hicho, ilhali moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu. Kwa waliopewa kaptoprili vifo vilipungua kwa asilimia 19, na wachache zaidi kati yao walipata kushindwa kwa moyo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mlolongo huo una umuhimu wa pekee. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 na uliohusisha wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Kiafrika, zikiwamo Kenya na Uganda, ulikuta kwamba wastani wa umri wa waliolazwa kwa kushindwa kwa moyo ulikuwa miaka 52, na kwamba chanzo kilichoongoza kilikuwa shinikizo la juu la damu, si ateri zilizoziba. Kile ambacho maabara ya Bethesda ilikionyesha mwaka 1958, kwamba shinikizo ni mzigo ambao moyo huulipia, kinaonekana hapa katika miili ya watu walio katikati ya umri wa kulea familia. Huduma za kuzibua mishipa sasa zinapatikana katika vituo kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, lakini thamani yake hutegemea muda ambao mgonjwa amechukua kabla ya kufika.

Kwa hiyo mafunzo ya utafiti huu yanamhusu kila mtu mzima. Apimwe shinikizo la damu hata asipojisikia mgonjwa, na likiwa juu atumie dawa bila kukatisha. Akipata maumivu au mkandamizo wa kifua unaodumu, hasa ukiandamana na jasho, kichefuchefu, kukosa pumzi, au maumivu yanayosambaa mkononi au kwenye taya, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja kupambazuke. Sayansi imekwisha kuonyesha kwamba misuli ya moyo huokoleka. Kilichobaki ni familia kulijua hilo mapema, na serikali kuhakikisha kwamba kipimo cha umeme wa moyo na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda vinapatikana karibu na wananchi.