Baada ya Pointi ya Mwisho katika Pikoboli

Pikoboli, mchezo wa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu uliobuniwa kisiwani Bainbridge, Marekani, mwaka 1965, humalizikia wavuni. Pointi ya 11 ikipatikana kwa tofauti ya angalau mbili, wachezaji wote, wanne katika mchezo wa wawili wawili, husogea kwenye wavu na kugonganisha vibao, mara nyingi kwa upande wa mpini ili kingo zisichubuke, huku wakitazamana usoni na kupongezana. Kuondoka bila kufanya hivyo ni utovu wa adabu, hata kwa aliyefungwa 11 kwa 0. Mshindi hatambi, aliyeshindwa hamlaumu mwenzake wala hafufui ubishi kama mpira ulikuwa ndani au nje ya mstari, kwani kanuni humpa mpinzani kila mpira wenye shaka. Ushauri hutolewa ukiombwa tu. Kisha uwanja huachiwa upesi wanaosubiri, ambao vibao vyao vimepangwa foleni kando.