Hisa ya Kampuni Moja, au Mfuko wa Hati Fungani?

Karafuu zikisha kuuzwa, twajiuliza: fedha zikae wapi hata msimu mwingine? Ukishuka bandarini Dar es Salaam, Posta i karibu, na huko wapo madalali wa Soko la Hisa, lililoanza biashara 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL.

Mwenye hisa ana sehemu katika kampuni. Ikipata faida, huenda akapata gawio. Ikianguka, naye hupata hasara. Ni kama kutegemea mkarafuu mmoja: msimu huu matawi yameinama, msimu ujao majani matupu.

Mfuko wa hati fungani hukusanya fedha za wengi, ukaikopesha Serikali na makampuni kwa riba. UTT AMIS walianzisha wao 2019. Na ipo mifuko ambayo vipande vyake huuzwa sokoni kama hisa. Faida yake hutulia zaidi. Lakini riba mpya zikipanda, bei ya hati za zamani hushuka. Na msimamizi hukata ada yake.

Basi, wakulima wenzetu, fedha za skuli na za wachumaji wa msimu ujao msizitie katika hisa ya kampuni moja. Hisa inunuliwe kwa fedha ambayo, ikikwama miaka mitano, nyumba haitalala njaa.